Marcel Lihau, rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Kongo: alijenga nini, na nani alikibomoa?

Mwalimu wa Kampemba

Ndugu wasomaji, wiki hizi vijana wetu wa kitivo cha sheria hapa Lubumbashi wamekuwa wakibishana kuhusu uhuru wa majaji, na nimeshangaa kwamba katika mabishano yote hayo jina la Marcel Lihau halikutajwa hata mara moja. Huyu ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi yetu, ile iliyoitwa Cour Suprême de Justice, tangu mwaka 1968 hadi mwaka 1975. Wanaomkumbuka humkumbuka kwa tendo moja tu, kwamba alimkatalia Rais Mobutu akafukuzwa. Tendo hilo ni la kweli na ni la heshima. Hata hivyo, kazi yake haieleweki ukianzia hapo, kwa sababu mtu huyohuyo aliyefukuzwa na Rais ndiye aliyekuwa ameshika kalamu wakati wa kuandika katiba iliyompa Rais nguvu hizo. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya fundo hilo.

Nianze na asili yake. Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931, katika jimbo la Équateur, jimbo lilelile alikotoka Mobutu. Alisoma mikononi mwa mapadri, na walikuwa Wayesuiti waliomsaidia kuvuka ukuta ambao wakati ule Mkongo hakutarajiwa kuuvuka, yaani kusomea sheria. Serikali ya kikoloni iliwakubali Wakongo wawe mapadri, makarani, wasaidizi wa madaktari na wasaidizi wa kilimo. Sheria ilikuwa jambo jingine, maana anayejua sheria huuliza ni kwa sheria gani anatawaliwa. Lihau alifika katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji, akawa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kabisa kusomea fani hiyo.

Akiwa bado mwanafunzi, Mkutano wa Meza ya Duara, wa Wabelgiji na Wakongo kuhusu uhuru, uliitishwa Brussels, kuanzia Januari 20 hadi Februari 20, 1960. Wajumbe wa vyama vyetu waliwasili wakiwa wamegawanyika, na Wabelgiji walitegemea mgawanyiko huo. Lihau alikuwa mmoja wa wale waliowahimiza wanasiasa waunde umoja, ule ulioitwa Front Commun, wazungumze kwa sauti moja kuhusu tarehe ya uhuru. Tarehe ikapatikana: Juni 30, 1960.

Kijana wa Katuba

Shikamoo Mwalimu. Naomba kuuliza jambo moja kabla hujaendelea. Katika somo tuliambiwa kwamba wakati wa uhuru hapakuwa na jaji Mkongo hata mmoja. Je, ni kweli hata mmoja? Na kama ni kweli, kesi za watu zilisikilizwa na nani mwezi wa Julai 1960?

Mwalimu wa Kampemba

Marahaba mwanangu. Ni kweli, wala si chumvi. Mahakama zenye majaji waliosomea sheria zilikuwa za Wazungu watupu. Wakongo walikuwamo katika mahakama za kienyeji, zilizoamua mambo ya mila, ndoa, mashamba na madeni madogo, lakini katika mahakama za sheria iliyoandikwa walikuwa makarani, wakalimani na polisi. Kulikuwa na mahakama za rufaa mbili, moja Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na nyingine hapa kwetu Élisabethville, yaani Lubumbashi. Juu ya hizo mbili hapakuwa na kitu ndani ya nchi. Aliyetaka hukumu yake itazamwe tena kwa kosa la kisheria alipaswa kwenda Mahakama ya Kasasioni ya Brussels. Kwa hiyo kilele cha haki ya Kongo kilikuwa ng'ambo ya bahari, na tulipopata uhuru tulibaki na nyumba isiyo na paa.

Baada ya maasi ya jeshi ya Julai 1960 Wabelgiji wengi waliondoka, na majaji wakiwamo. Umoja wa Mataifa ukasaidia kuleta majaji kutoka nchi nyingine, na wazee wetu bado wanawakumbuka Wahaiti, ambao walikuwa weusi kama sisi, wanazungumza Kifaransa na wamesoma sheria ya asili moja na yetu. Wakati huohuo ikaanzishwa Léopoldville, mwaka 1961, shule ya taifa ya sheria na utawala, iliyoitwa kwa kifupi ENDA, ili kuwaandaa haraka mahakimu wa Kikongo. Wengi wa wale waliokalia viti vya mahakama katika miaka ya sitini na sabini walipitia hapo.

Ukiutazama uhaba huo ndipo utaelewa kwa nini mtu wa umri wa miaka 29 aliweza kukabidhiwa Wizara ya Sheria ya nchi nzima. Mnamo Septemba 1960, Mobutu, wakati ule mkuu wa jeshi, alipotangaza kwamba amewaweka kando Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba, aliwaita wasomi na wanafunzi waunde Baraza la Makamishna Wakuu chini ya Justin Bomboko. Lihau alipewa Sheria. Msaidizi wake katika idara hiyo alikuwa kijana mwingine wa sheria, Étienne Tshisekedi.

Wakili wa Ruashi

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo umepita mbio mno.

Baraza hilo la Makamishna ndilo lililokuwa madarakani tarehe 17 Januari 1961, siku ambayo Lumumba na wenzake Mpolo na Okito walipakiwa katika ndege na kuletwa hapa Élisabethville, wakauawa usiku huohuo huko Shilatembo. Sisi wa Lubumbashi hatuwezi kulizungumzia Baraza hilo kana kwamba lilikuwa ofisi ya kawaida. Waziri Mkuu aliyepewa imani na Bunge alikamatwa na kusafirishwa pasipo hukumu ya mahakama yoyote, na idara ya Sheria ilikuwa na wakubwa wake. Sisemi kwamba Lihau alitoa amri hiyo. Nasema kwamba ukitaka kumweka mbele ya vijana kama mfano wa jaji, lazima uanze na kipindi hiki, usikifiche chini ya neno "uhaba".

Na la pili ni hili: katiba ya 1967. Umegusa tu. Tafadhali ieleze.

Mwalimu wa Kampemba

Mama Wakili, swali lako ni la haki na sina nia ya kumtolea Lihau hati ya usafi. Aliyekaa katika Baraza lile alikaa katika serikali iliyotokana na mapinduzi, na serikali hiyo ilimtoa mfungwa wake mikononi mwa sheria na kumkabidhi kwa adui zake. Hilo liandikwe. Ninachoongeza ni kwamba wasomi wale wengi wao walijiona kama wasimamizi wa muda, watu wa kushika mlango mpaka wenye nyumba wapatane. Kujiona hivyo ndilo kosa litakalojirudia katika maisha ya Lihau: alidhani kwamba mwanasheria anaweza kumhudumia mwenye bunduki kwa muda, kisha karatasi aliyoiandika ikamfunga mwenye bunduki baadaye.

Tuje kwenye katiba, na hapa naomba subira yenu, kwa kuwa kuna katiba mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ile ya Luluabourg. Nchi ilikuwa ikitawaliwa kwa Sheria ya Msingi ya Mei 19, 1960, iliyopitishwa na Bunge la Ubelgiji kama vazi la kuazima. Mwaka 1963 Lihau aliteuliwa kuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Lovanium, na mwaka uliofuata, kuanzia Januari hadi Aprili 1964, tume ya katiba ilikutana Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, chini ya uenyekiti wa Joseph Iléo. Lihau alikuwa katika kiini cha kazi hiyo. Katiba ilipigiwa kura ya maoni, ikaanza kutumika Agosti 1, 1964. Ndiyo iliyoipa nchi jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilikubali majimbo 21 yenye madaraka yao, jambo ambalo watu wa Katanga walilipokea kwa masikio yaliyo wazi, na iliahidi mahakama huru pamoja na Mahakama ya Katiba.

Katiba hiyo nzuri ilikuwa na ufa. Ilimpa Rais uwezo wa kumteua Waziri Mkuu na kumwondoa, huku Waziri Mkuu akihitaji pia imani ya Bunge. Mnamo Oktoba 1965 Kasavubu alimwondoa Waziri Mkuu Moïse Tshombe, ambaye muungano wake ulikuwa umeshinda uchaguzi, akamweka Évariste Kimba. Bunge likamkataa Kimba. Kasavubu akamteua tena. Mvutano ukakwama hapo. Wote wawili, Tshombe na Kimba, ni watoto wa Katanga, na ugomvi wao ulikuwa ndio mlango alimopita Mobutu tarehe 24 Novemba 1965. Hapakuwa na mahakama ya kuamua nani anakosea kati ya Rais na Bunge, kwa sababu Mahakama ya Katiba iliyoahidiwa mwaka 1964 ilikuwa bado haijaundwa.

Katiba ya pili ni ya 1967, na hiyo Mobutu ndiye aliyeiagiza. Lihau aliitengeneza kwa maelekezo ya mtu aliyekwisha kutwaa madaraka. Ilipigiwa kura ya maoni mwezi wa Juni, ikatangazwa Juni 24, 1967. Waziri Mkuu alifutwa. Mabunge mawili yakawa moja. Rais akawa mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja. Wanaomtetea Lihau husema kwamba katiba hiyo iliruhusu bado vyama viwili na ilitamka waziwazi kwamba mahakama ni huru, na husema kweli. Lakini ibara hizo zilikuwa karatasini tu, na zile za nguvu za Rais zilikuwa na jeshi nyuma yake. Kwa maoni yangu, Lihau aliziba ufa wa 1964 kwa kubomoa ukuta mzima. Aliona tatizo ni viongozi wawili kugombania usukani, akaona dawa ni kumwachia mmoja.

Mzee wa Kenya

Nimewasoma watoto wangu. Mimi ni wa mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, na wa kizazi cha watu wa radio, si cha mitandao, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya ninayomsomea.

Mmemtaja Kimba mkapita. Msipite. Évariste Kimba, mtu wa kwetu, alikamatwa mwaka 1966 pamoja na Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, wakashtakiwa kwamba walipanga kumpindua Mobutu. Walihukumiwa na mahakama maalumu ya kijeshi, katika kikao kifupi ambacho mtu hawezi kukiita kesi, na tarehe 2 Juni 1966 walinyongwa hadharani Kinshasa mbele ya umati mkubwa. Mtu aliyekuwa Waziri Mkuu miezi michache kabla alinyongwa bila kupata mahali pa kukata rufaa. Habari hiyo ilipofika hapa, watu katika mtaa wetu walizungumza kwa kunong'ona.

Sasa nauliza: huyo Bwana Lihau aliyeandika katiba mwaka mmoja baada ya kamba hiyo, alikuwa hakuiona?

Mwalimu wa Kampemba

Shikamoo Mzee. Aliiona. Kinshasa nzima iliiona, ndiyo sababu ilifanywa hadharani. Siwezi kusema alikuwa na nini moyoni. Naweza kusema tu alichokifanya, na alichokifanya ni kuendelea kufanya kazi, na kwa mikono hiyohiyo kujenga chombo ambacho mwaka 1966 kilikosekana.

Mwaka 1968, mwezi wa Julai, ilitolewa sheria mpya ya mpangilio wa mahakama, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaundwa, Lihau akiwa rais wake wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 36. Naomba vijana mtambue ukubwa wa jambo hili. Kwa mara ya kwanza, hukumu ya mwisho kuhusu Mkongo iliweza kutolewa ndani ya Kongo. Mtu wa Likasi aliyeshindwa katika Mahakama ya Rufaa ya Lubumbashi, akiamini kwamba sheria imetumika vibaya, alipeleka faili lake Kinshasa badala ya Brussels.

Kwa wasiosomea fani hii, Mahakama Kuu ya namna hii haisikilizi upya mashahidi wala haiulizi nani alimpiga nani. Inauliza jambo moja: je, jaji wa chini aliifuata sheria? Kama hakuifuata, hukumu inatenguliwa na kesi inarudishwa ihukumiwe tena. Kazi hiyo inaonekana kavu, lakini ndiyo inayofanya sheria iwe moja kutoka Matadi hadi Bukavu. Pamoja na hayo, Mahakama Kuu ilikuwa na uwezo wa kufuta amri za wakubwa wa serikali zilizokiuka sheria, na kwa kuwa Mahakama ya Katiba haikuundwa hata chini ya katiba ya 1967, mzigo huo nao uliangukia kwake.

Kipo kikomo kimoja ambacho Mzee amekigusa bila kukitaja. Kesi zile ambazo utawala ulizijali kweli hazikufika kwa Lihau. Kiongozi wa waasi, Pierre Mulele, alirudi kutoka Brazzaville mwaka huohuo wa 1968 akiwa ameahidiwa msamaha, na mnamo Oktoba akauawa baada ya kupitishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mobutu aliwapa majaji wa kiraia mashamba, mikataba na mirathi. Maadui zake aliwapeleka kwa wanajeshi. Kwa miaka kadhaa mpango huo ulimwezesha Lihau kuzungumzia uhuru wa mahakama bila kugongana na mtu, na nadhani ulimdanganya.

Kijana wa Katuba

Mwalimu, basi kugongana kulitokea vipi? Kama kesi za siasa hazikumfikia, mwaka 1975 kulitokea nini?

Mwalimu wa Kampemba

Kulitokea kwamba mpango ule ulikwisha. Fuatilia hatua zake.

Desemba 1970, katiba ilirekebishwa na MPR, chama cha Mobutu, ikawa chama pekee. Ile ibara ya vyama viwili ambayo Lihau na wenzake waliiacha kama dirisha ikafungwa. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, vyuo vikuu vitatu vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na muda mfupi baadaye majina ya Kikristo yakaondolewa, hata rais wa Mahakama Kuu akawa Ebua Libana la Molengo Lihau. Kisha likaja pigo lenyewe, marekebisho ya Agosti 15, 1974. Sheria hiyo ilitamka kwamba katika Zaire kuna taasisi moja tu, nayo ni MPR, na Rais wa MPR ndiye kiongozi wake. Bunge likawa Baraza la Kutunga Sheria la chama. Serikali ikawa Baraza la Utendaji la chama. Na mahakama, ambazo katiba ya 1967 iliziita mamlaka huru, zikawa Baraza la Mahakama, chombo cha chama kama vingine. Hata ile Mahakama ya Katiba ambayo haikuwahi kuzaliwa ilifutwa katika maandishi.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, Lihau alipofukuzwa kwa kweli, mwaka mmoja kabla ya kufukuzwa. Jaji ambaye mahakama yake ni tawi la chama hana tena mahali pa kusimama anapomwambia mkuu wa chama "hapana".

Mwaka 1975 wanafunzi waliandamana, na adhabu kali ikatakiwa dhidi yao. Lihau alikataa kuitekeleza. Mtu aliyekuwa amekubali mengi hakulikubali hilo. Mobutu alimwondoa palepale, bila baraza la nidhamu, bila kesi, kisha akamweka katika kifungo cha nyumbani. Rais wa Mahakama Kuu ya nchi hakupata hata kile ambacho mwizi wa kuku alikipata chini ya sheria aliyoisimamia, yaani kusikilizwa.

Mama Wakili atasema kwamba aliyechonga fimbo ndiye aliyepigwa nayo. Nakubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba wengi walioichonga pamoja naye waliendelea kuishika mkononi wakiwapiga wengine, na wakazeeka na utajiri.

Wakili wa Ruashi

Sitasema hivyo, Mwalimu. Nitasema jambo jingine, kwa kuwa niko kazini kila siku katika majumba hayo ya mahakama.

Mwaka 2016, hapa Lubumbashi, mwanasiasa wa upinzani Moïse Katumbi alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu katika kesi ya nyumba. Wiki chache baadaye jaji mmoja wa kesi hiyo, mwanamke, aliandika barua akidai kwamba alilazimishwa kutia saini hukumu hiyo, kisha akaikimbia nchi. Mnakumbuka kelele zilizofuata. Sitaki kurudisha mabishano ya kisiasa ya wakati ule. Ninachotaka kusema ni kwamba wakati ule katiba haikuwa ile ya 1974. Ilikuwa katiba ya Februari 18, 2006, ambayo ibara yake ya 149 inasema mamlaka ya mahakama ni huru, na ambayo imeunda Baraza Kuu la Mahakimu lenye mahakimu peke yao, bila waziri wala Rais ndani yake. Maandishi yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaandika Lihau, na bado jaji alidai kwamba alishikwa mkono.

Kwa hiyo sikubaliani na hoja yako kwamba kila kitu kiliharibiwa na kalamu ya 1967 na 1974. Jaji wa mahakama ya amani anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa, anayeweza kupigiwa simu usiku, hahitaji katiba mbaya ili aogope. Lihau alikataa akiwa na jina, elimu ya Leuven na kiti cha juu kuliko vyote. Tukiwaambia vijana "iga mfano wa Lihau", tunawaambia waliofungwa miguu waruke kama yeye.

Mwalimu wa Kampemba

Hoja yako imenigusa, na sina jibu la kuiangusha. Naweka neno moja tu la kuitetea hoja yangu. Yule jaji wa 2016 aliandika barua, na barua yake ilikuwa na uzito kwa sababu kulikuwa na ibara ya 149 ya kuilinganisha nayo. Mwaka 1975 hakuna jaji aliyeweza kuandika kwamba haki yake imevunjwa, kwa kuwa hakuwa nayo. Tofauti hiyo haimsaidii yeye kulala usingizi, najua, lakini mwanasheria hawezi kuidharau.

Mama Kamalondo

Karibuni nyote, mimi si mwanasheria, ila nimefuata uzi tangu mwanzo. Mmezungumza kuhusu bwana huyo kana kwamba aliishi peke yake. Mkewe alikuwa Sophie Kanza, waziri wa kwanza mwanamke katika nchi yetu, aliyeingia serikalini mwaka 1966. Mwaka 1964 alikuwa amepata shahada yake Geneva, mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza chuo kikuu, na mwaka huohuo wakaoana. Kaka yake, Thomas Kanza, alikuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada Leuven. Ile nyumba iliyowekwa chini ya ulinzi mwaka 1975 ilikuwa pia nyumba ya mama huyo na binti zake. Ningependa kujua yaliyowapata baadaye.

Mwalimu wa Kampemba

Umenisaidia sana, Mama. Baada ya 1975 Lihau alizidi kusogea upande wa upinzani. Desemba 1980 ilivuma barua ya wabunge 13 waliomkosoa Mobutu, na kutoka kwao, Februari 1982, kikazaliwa chama cha upinzani cha UDPS. Lihau akajiunga nao, akakutana tena na yule msaidizi wake wa mwaka 1960, Tshisekedi, na pia na mtu wa huku kwetu, Frédéric Kibassa Maliba. Mobutu akamnyang'anya haki zake na kumpeleka uhamishoni kijijini. Afya yake iliharibika. Mwaka 1985 akapata hifadhi Marekani, ambako alifundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alirudi mwaka 1990, wakati Mobutu alipokuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja, ashiriki katika mazungumzo ya mageuzi. Baadaye ugonjwa ukamrudisha Marekani.

Sophie Kanza alifariki Kinshasa katika ajali ya gari tarehe 2 Aprili 1999. Marcel Lihau alifariki Boston tarehe 9 Aprili, wiki moja baada yake.

Kijana wa Katuba

Ahsanteni wote. Swali langu la mwisho, Mwalimu: hiyo Mahakama Kuu aliyoiongoza Lihau ndiyo ileile iliyopo sasa Kinshasa? Profesa wetu alisema kwamba haipo tena, nami sikuelewa ilikwenda wapi.

Mwalimu wa Kampemba

Profesa wako amesema sawa. Katiba ya 2006 iliigawa mara tatu. Mahakama ya Kasasioni ilichukua kazi ya kutengua hukumu. Baraza la Dola likachukua kazi ya kuhukumu amri za serikali. Mahakama ya Katiba, ile iliyoahidiwa Luluabourg mwaka 1964, ikaahidiwa tena 1967 na kufutwa 1974, ilianza kazi mwaka 2015, na zile mbili nyingine zikafuata mwaka 2018. Kwa muda wote huo wa katikati Mahakama Kuu ya zamani iliendelea kufanya kazi za zote tatu, ikiwemo kuamua malalamiko ya uchaguzi wa urais wa 2006 na wa 2011.

Mahakama ya Katiba ina wajumbe tisa: watatu kwa hiari ya Rais, watatu kutoka Bunge, na watatu kutoka Baraza Kuu la Mahakimu, kila mmoja kwa miaka tisa. Mnamo Julai 2020 wajumbe wake wawili waliteuliwa na Rais kwenda Mahakama ya Kasasioni wakati muda wao ulikuwa haujakwisha. Walikataa kwa maandishi, wakitaja muda wao wa kikatiba. Nafasi zao zilijazwa hata hivyo. Mama Wakili, hili nadhani unalifahamu kuliko mimi, na ningependa utueleze kama ibara inayohusu muda huo inaruhusu tafsiri ya Ikulu au ya majaji wale.

Wakili wa Ruashi

Nitalieleza kesho jioni nikitoka mahakamani, Mwalimu, kwa sababu linahitaji kunukuu ibara ya 158 na sheria ya mwaka 2013 kuhusu Mahakama ya Katiba, nami sinukuu kwa kukisia. Kwa kifupi tu, mimi nipo upande wa wale wawili.